Boti Yangu Inahitaji Uzito

Jumapili, 2 Agosti

Hukumu imetoka. Imetoka mdomoni mwa mke wangu, katikati ya pini alizokuwa amezibana kwa midomo, na bado ilisikika vizuri sana. Boti iondoke uani. Isipoondoka na mimi, itaondoka na kaka yake.

Nieleze, ijapokuwa najiandikia mwenyewe. Mke wangu ni mshonaji. Anashonea kwenye korido, kati ya mlango wa choo na kabati la vyombo. Ukibanwa, sharti umwombe asogeze cherehani. Vitambaa viko juu ya kitanda, majora yako chini ya kitanda, na juzi nimelalia mkasi. Anataka chumba cha kushonea kijengwe uani. Na uani ipo boti yangu, juu ya trela lake, toka ukuta hadi ukuta. Boti nzuri! Nyeupe, ina mstari wa buluu, viti vya ngozi bandia, turubai la kukinga jua, na injini inayonguruma kama mtu aliyeshiba. Imekwenda ziwani mara chache tu, ndiyo. Lakini mbona kila nyumba ina seti ya vikombe kabatini ambavyo havinywewi, na hakuna anayetishia kuvigawa?

Shemeji, yaani huyo kaka yake, alikuja na futi. Akaipima boti yangu mbele ya macho yangu! Anaitaka ya kubebea kreti za soda kupeleka ng'ambo ya ziwa. Atang'oa viti. Ataipaka rangi ya zambarau, ndiyo rangi ya duka lake. Nikamwambia futi yake haina muhuri. Mimi ni mkaguzi wa mizani na vipimo, futi ya haramu naijua hata nikiwa usingizini. Akasema haidhuru, yeye hapimi nyama.

Aliyeniokoa ni binti yangu. Yuko nyumbani kwa likizo ya chuo, na hapendi kitu kama kupanda ubao: anashika kamba, boti inamvuta, naye anateleza juu ya wimbi linaloachwa nyuma. Akatukumbusha kwamba Jumamosi hii klabu ya ziwani inachagua boti ya kufundishia wanafunzi wa ubao. Itakayotoa wimbi zuri kuliko zote itachukuliwa msimu mzima, na italala gatini kwao. Gatini, si uani! Mke wangu akafikiri, akatema pini, akakubali. Nikishinda, boti inakaa klabu na inabaki yangu, na yeye anapata ua wake. Nikishindwa, Shemeji anaichukua siku hiyohiyo.

Shemeji akacheka mpaka akashika ukuta. Eti wimbi la boti yangu ni la bata anayekoga. Haya. Tutaonana.

Jumatatu, 3 Agosti

Nimepata dawa! Uzito!

Binti amenieleza asubuhi tukipiga mswaki. Boti zenye wimbi kubwa hubeba mifuko ya maji chini ya viti vya nyuma. Pampu inavuta maji ya ziwa, mifuko inajaa, tezi inadidimia, wimbi linanyanyuka. Ukimaliza starehe unabonyeza swichi ya pili, maji yanarudi ziwani. Tezi ni nyuma ya boti. Nimeanza kusema kibaharia, na tayari najisikia mrefu zaidi.

Kumbe boti yangu haina kasoro, ni nyepesi tu! Na katika dunia hii ni nani anayejua uzito kunishinda mimi? Lita moja ya maji ni kilo moja. Hilo nimewafundisha wauza maziwa wa soko zima, wengine wakilia.

Nikatoroka kazini mchana kwa kisingizio cha mzani wa mchinjaji. Muuza vifaa vya kilimo anayo mifuko minene ya mpira ya kuhifadhia maji ya kumwagilia. Nimechukua minne, ile mikubwa. Akauliza shamba langu liko wapi. Nikamwambia halikai mahali pamoja, linakwenda kwa kasi. Akanitazama kwa huruma akanifungia na kamba ya bure.

Mabomba atafunga Fundi Kesho. Jina lake limetokana na jibu lake. Nilipomwuliza atakuja lini akasema kesho, na kwa mara ya kwanza jibu hilo limenifaa.

Yote haya ni siri. Bahati mbaya Mama Mkwe, mama yake mke wangu tunayeishi naye, aliona mifuko ikishushwa. Akauliza ni ya nini. Nikasema ni ya kuwekea maji, Mama. Uso wake ukang'aa, sijui kwa nini.

Jumanne, 4 Agosti

Fundi Kesho amekuja siku aliyosema! Amekuja saa ya chakula, lakini amekuja.

Fundi huyu amezoea nyumba. Alipopanda botini aliuliza jiko liko upande gani. Nikamwambia hakuna jiko. Akauliza choo je. Nikamwambia hakuna choo. Akakaa chini akafikiri, akaniuliza sasa maji yanakwenda wapi. Nikamweleza mpango tangu mwanzo: yanatoka ziwani, yanaingia botini, halafu yanarudi ziwani. Akasema katika miaka yake yote ya ufundi hajawahi kumfungia mtu bomba la kuhamisha maji kutoka yalipo hadi yalipo. Lakini kazi ni kazi, akafungua sanduku lake.

Kisha likaja suala la tundu. Maji ya ziwa lazima yaingie mahali, na mahali penyewe ni chini kabisa ya boti. Kuitoboa boti tumboni! Fundi Kesho akanifariji kwamba hata binadamu ana matundu na bado anaelea. Tukatoboa. Mke wangu akachungulia dirishani, akatazama drili, akatazama tundu, akauliza kwa upole kama hiyo ndiyo boti inayotakiwa kuelea Jumamosi. Nikamjibu ukiona vyaelea, vimeundwa. Akasema naam, na ukiona vimezama pia kuna aliyeviunda. Mwanamke huyu!

Tumefunga koki kwenye tundu, pampu juu ya koki, mipira minne kutoka kwenye pampu hadi kwenye mifuko, koki ndogo kwa kila mfuko, na klipu ya chuma kila kiungo. Swichi mbili zimekaa kando ya usukani: KUJAZA na KUTOA. Kazi safi kabisa! Isipokuwa koki kubwa ni ya sinki la jikoni, na ina kitufe chekundu cha maji ya moto. Fundi anasema ndiyo aliyokuwa nayo.

Binti amesoma mahali kwamba kila mfuko unahitaji mpira mwembamba juu, wa kutolea hewa. Nimekataa. Mfuko wenye tundu si mfuko. Kwa siku moja nimetoboa vya kutosha.

Jumatano, 5 Agosti

Majaribio ziwani. Nimechoka, nimelowa, lakini nitaandika yote.

Gari langu dogo haliwezi kuvuta trela, kwa hiyo nililazimika kumwomba Shemeji gari lake la soda. Alikubali haraka mno. Akasema anapenda kuona mali yake ikiogeshwa.

Tulipoishusha majini Shemeji akapanda, na Mama Mkwe naye akapanda. Akasema hawezi kukaa nyumbani na mkwewe anakwenda kuzama. Akachagua kiti cha nyuma chenye mto mnene, akaketi na mkoba wake mapajani. Chini ya kiti hicho kuna mfuko wa nne.

Tukaijaza ile mifuko mitatu mingine, nusunusu. Tezi ikadidimia. Binti akaingia majini na ubao wake, nikasukuma gea, na jamani! Wimbi liliinuka nyuma yetu, refu, laini, limejikunja juu kama kola iliyopigwa pasi. Binti akaachia kamba akateleza juu yake bila hata kuvutwa. Alipiga vigelegele mpaka watu wa gatini wakasimama kutazama. Mimi nililia. Nilisingizia maji yaliyoniruka usoni, lakini nililia. Miaka yote hii mtaa mzima unaniita mwenye lile dude uani. Kumbe nina boti, tena boti ya maana!

Hapo ningeacha. Lakini mwenye mifuko minne atatumiaje mitatu? Nikafungua koki ya mfuko wa nne, nikabonyeza KUJAZA.

Mama Mkwe alikuwa anamsimulia Shemeji habari za jirani aliyegombana na mwenye nyumba wake. Akaanza kupanda. Taratibu, kwa heshima zote. Mfuko ule ulikuwa umejaa hewa, maji yanaingia, hewa haina pa kwenda, kiti kikapanda na yeye juu yake. Hakukatiza hadithi. Alipofika pale mwenye nyumba anapobadilisha kufuli, kilemba chake kilikuwa kimegusa turubai. Ndipo akanyamaza, akatazama huku na huku, akasema kutoka hapa anaiona ng'ambo yote.

Nikabonyeza KUTOA. Akapanda zaidi! Fundi Kesho alikuwa ameunganisha swichi zote mbili upande wa kujaza. Kutoa alikuwa amekuweka kesho. Kabla sijazima, klipu ikafyatuka, mpira ukachomoka, maji yakatapakaa mpaka ndani ya mkoba, na Mama Mkwe akashuka kwa mpigo mmoja. Puu!

Tulimalizia kutoa maji kwa ndoo. Njia nzima ya kurudi Mama Mkwe hakusema neno. Shemeji alisema mengi. Jioni nikamsikia Mama Mkwe akiwasimulia majirani ukutani, na kila anaporudia hadithi anapanda juu zaidi kidogo. Walikuwa wanacheka hadi kushika mbavu, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimeamua kuweka mipira ya hewa. Ni wazo langu. Binti alilitaja tu kabla.

Kila mfuko sasa una mpira wake mwembamba unaoning'inia nje ya boti. Klipu zimefungwa mbilimbili. Fundi Kesho ameirekebisha ile swichi ya KUTOA, na ameapa kwa jina la marehemu bibi yake kwamba sasa inatoa.

Kilichobaki ni kuona kama viungo vinavuja. Ziwani siwezi kurudi, Shemeji hatoi gari tena mpaka Jumamosi. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake! Nimechukua mpira wa bomba la uani nikauchomeka moja kwa moja kwenye koki ya boti. Nikafungua bomba. Likakohoa. Likatoa upepo, likatoa kutu kidogo, likanyamaza. Mgao! Maji hayajaonekana mtaani tangu wiki iliyopita. Nikangoja. Nikaligonga. Nikalitukana. Nilipoona nachelewa kazini nikaliacha hivyohivyo nikaondoka.

Nyumbani kwetu mambo ya maji ni serikali ya Mama Mkwe. Ndoo, madumu, sufuria na mabeseni vimepangwa mstari jikoni vinangoja. Sheria yake ni moja: maji yakija, hakilali chombo kitupu. Mwaka jana alijaza hata kofia yangu ya pikipiki. Nami nikaivaa.

Mke wangu ananitazama kwa jicho fulani. Leo amepiga pasi akiwa amesimama mlangoni mwa choo, mteja mmoja amekaa juu ya ndoo anangoja suruali. Nikamwambia avumilie, Jumamosi hiyooo. Akasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, akaendelea kupiga pasi. Ile pasi ni nzito kweli, nitamtafutia nyepesi.

Ijumaa, 7 Agosti

Maji yamekuja! Yamekuja asubuhi mimi nikiwa sokoni nabishana na muuza sukari mwenye jiwe la mzani lililochongwa. Niliporudi nilikuta nyumba imechangamka. Mapazia yamefuliwa, sakafu imepigwa deki, hata paka anaonekana kama ameoga. Mama Mkwe akanipokea mlangoni kwa mikono miwili, jambo ambalo hajalifanya tangu siku ya harusi. Akasema leo amejua kwamba bintiye ameolewa na mwanamume. Nikasema asante, Mama. Sikuuliza kisa. Mtu akisifiwa hapaswi kudai maelezo.

Nikaenda uani kuipaka boti nta. Bomba limefungwa, mpira umekunjwa vizuri ukutani. Sikupata nafasi ya kupima viungo, lakini nimevipapasa kwa nje, ni vikavu kabisa. Kiungo kikavu namna ile hakiwezi kuvuja. Turubai limeshushwa na kufungwa kamba pande zote. Mama Mkwe akanisihi nisifungue, vumbi litaingia. Nikaguswa moyoni. Hatimaye kuna mtu mwingine katika nyumba hii anayejali boti!

Matairi ya trela yamebonyea kidogo. Ni joto. Mpira ukipata jua hulegea.

Nimeandika hotuba fupi ya kuishukuru klabu. Nimeijaribu mbele ya kioo cha bafuni, mara moja kwa unyenyekevu na mara moja bila. Bila ndiyo imenikaa.

Jumamosi, 8 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Shemeji alikuja mapema, amevaa shati jeupe, na kopo la rangi ya zambarau limekaa kwenye kiti cha mbele. Akasema liko hapo kwa bahati tu. Tukafunga trela kwenye gari. Binti alikuwa amevaa jaketi lake la kuelea tangu anywe chai, ubao kwapani. Hata mke wangu aliacha cherehani akatoka kutuaga. Akaninyoosha kola, akaninong'oneza kwamba anatumaini nitashinda. Alimaanisha. Nilimwona machoni.

Shemeji akatia gea. Gari likanguruma, magurudumu yakazunguka, mchanga ukaruka, boti haikujongea hata unywele. Akasema boti imenenepa. Nikamwambia gari lake limezoea soda. Akakasirika, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Trela likasogea hatua moja, likapiga ukelele ambao sitaki kuusikia tena, na ekseli ikakatika katikati. Gurudumu moja lilikwenda kwa jirani. Boti yangu ikaketi chini uani, polepole, kama mtu aliyepewa habari mbaya.

Halafu Mama Mkwe akatoka mbio jikoni akipiga kelele kwamba tuangalie maji yake yasimwagike.

Maji gani?

Kumbe! Jana maji yalipokuja, bomba la uani lilikuwa wazi. Ni nani aliyeliacha wazi, tusiingie huko. Yakaenda moja kwa moja kwenye mifuko. Mama Mkwe alisikia boti inagugumia, akapanda kutazama, akaona mifuko minne mikubwa inajaa yenyewe. Angefungaje? Maji yanatiririka na chombo kina nafasi! Akaiacha ijae pomoni. Ile mipira yangu ya hewa ilipoanza kutema maji, akakinga ndoo chini ya kila mmoja, ndipo akafunga bomba, akafunika na turubai lisiingie vumbi kwenye maji ya watu. Si nilimwambia mwenyewe Jumatatu kwamba mifuko ni ya kuwekea maji? Alidhani mkwewe hatimaye ameifanyia nyumba jambo la maana. Alikuwa ameshawatangazia majirani.

Lita moja ni kilo moja. Nilifanya hesabu nimesimama palepale mchangani. Trela lilikuwa limebeba boti, na juu ya boti uzito wa gari zima la Shemeji. Na mimi, mkaguzi wa mizani, niliona matairi yamebonyea nikalaumu jua!

Binti alingoja kidogo. Kisha akaenda klabu kwa basi, peke yake, na ubao wake na jaketi lake la kuelea mwilini. Alirudi mchana. Wamechagua boti nyingine, ambayo wimbi lake halifiki kwenye magoti ya letu. Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba lile la Jumatano lilikuwa zuri, Baba, halafu akaenda kulala. Heri angenitukana.

Mke wangu akamwambia kaka yake achukue mali yake. Shemeji akalala kifudifudi na shati lake jeupe, akachungulia chini ya boti, akaona tundu. Akauliza nini hiki. Nikamwambia ni koki ya jikoni, upande wa maji ya moto. Akainuka, akajikung'uta, akasema yeye alitaka boti, hakutaka sinki. Na bila trela ataibeba vipi, kichwani? Akaondoka na kopo lake la rangi.

Kwa hiyo klabu haiitaki na Shemeji haitaki. Imekaa palepale uani, na safari hii haina hata magurudumu. Mke wangu hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akijaribu kutunga uzi kwenye sindano, na uzi haukupita kwa sababu ya machozi. Niliumia. Nilimwambia nitamjengea chumba. Akauliza wapi.

Jumapili, 9 Agosti

Nilipata jibu! Ghorofa! Nguzo nne kuizunguka boti, chumba cha kushonea juu yake, na ngazi ya kupandia. Boti inakaa kivulini, mke anakaa hewani, kila mtu ana chake. Nikachukua futi (yenye muhuri) nikaenda uani kupima kabla hawajatoka kitandani.

Walikuwa wameshatoka kitandani. Uani palikuwa na foleni ya majirani wenye ndoo, na Mama Mkwe amesimama kwenye usukani, kidole juu ya KUTOA, anawagawia maji kwa ule mpira wa uani kama waziri. Fundi Kesho apewe haki yake: swichi ile inafanya kazi vizuri sana.

Mke wangu naye alikuwa ndani ya boti, mikono kiunoni, anageuka huku na huku. Nilianza kumweleza habari za nguzo. Akaniambia ninyamaze kwanza. Akaketi kwenye kile kiti cha nyuma, akajaribu mto. Akatazama mwanga unavyoingia pande zote. Akafunua viti, akaona mifuko imekwisha maji na kulegea, akamwambia Mama yake aishushe. Mle ndani majora yake ya vitambaa yaliingia yote, kama mahali pale palipimiwa kwayo. Halafu akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tuhamie nyumba hii.

Mchana cherehani ikapandishwa. Mimi ndiye niliyeibeba. Niliuliza na mimi nitakaa wapi. Akasema wanaume wabishe hodi na wavue viatu.

Jumatano, 12 Agosti

Boti si yangu tena, ijapokuwa haijaenda popote. Usukani umefungwa utepe wa kupimia. Kwenye gea kuna sketi. Wateja wanapanda ngazi, wanajitazama kwenye kioo cha mbele, wanazunguka, wanashuka wanachekelea. Wameongezeka! Watu wanatoka mtaa wa pili ili tu wapimwe nguo ndani ya boti. Korido iko wazi, naenda choo bila kuomba ruhusa, kitanda hakina hata pini. Binti amekubaliwa na klabu kuwa msaidizi wa mwalimu wa ubao, kwa kuwa kuna watu wa gatini waliomwona ile Jumatano. Shemeji amekuja kushonewa suruali, na amevua viatu.

Sikatai, roho inaniuma nikiiona boti ya maana imejaa lesi. Lakini jana mke wangu aliniletea chai mwenyewe, akakaa, akaniambia asante. Alisema hajui nilivyofanya, na anajua sikukusudia, lakini asante.

Halafu, kwa kupita tu, akasema mchana huwa kuna joto kidogo chini ya turubai.

Joto! Sijatulia tangu hapo. Mbona ni jambo dogo sana! Pampu ipo, mipira ipo, klipu zipo. Natandaza mpira juu ya turubai kutoka mbele hadi nyuma, nautoboa vitundu, maji yanachuruzika polepole, turubai linapoa, na mke wangu anashona kwenye ubaridi kama malkia. Sitamwambia, nataka ashtuke kwa furaha. Kesho anakwenda mjini kununua vifungo, na Fundi Kesho nimeshamwita. Mke wangu ameonya kwamba asiingie mtu botini hadi Jumamosi, kwa kuwa ametundika mle magauni meupe ya harusi, yote yamekwisha, yanangoja wenyewe. Hatutaingia. Sisi kazi yetu ni huko nje, juu ya turubai. Na safari hii hakuna kinachoweza kuharibika, maana maji yatakuwa juu kabisa na chini yake ni nguo tu.